Runinga pana ya inchi 43 au ya 55: fedha ya ziada inanunua nini hasa?

Swali: "Naishi Nkuhungu, Dodoma. Tuna runinga ya chogo ya inchi 21 ambayo bado inawaka vizuri, na king'amuzi cha antena tulichokinunua miaka mingi iliyopita, kimeunganishwa kwa zile waya za rangi tatu. Makochi yako kama mita tatu kutoka kwenye kabati la runinga. Tunatazama taarifa ya habari, mpira, tamthilia za usiku na vipindi vya Bunge. Muuzaji mmoja wa Majengo anasema ya inchi 43 ni shilingi 650,000, lakini ananisihi nichukue ya inchi 55 ya 4K kwa 1,150,000 kwa sababu 'picha itakuwa safi mara nne'. Mume wangu anaona hata hiyo ndogo ni anasa, hasa baada ya jirani yetu kununua runinga pana na nyuso za watu zikawa nene. Mama mkwe naye anahofia macho ya watoto. Je, upana huo una faida ya kweli, au tunalipia kioo tu?"

Jibu: Dada yangu, umenirahisishia kazi kwa kutaja umbali wa makochi, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu langu inategemea hizo mita tatu. Nikikuelewa vyema, unataka kujua kama familia yenye runinga isiyo na ubovu ina sababu ya kutoa fedha nyingi, na kama ile nusu milioni inayozitenganisha runinga mbili za dukani itarudi nyumbani kwa sura ya picha bora. Hapo kuna majibu mawili. Kutoka kwenye chogo kwenda kwenye runinga pana kuna faida kubwa, ambayo mtaiona jioni ya kwanza. Kutoka inchi 43 kwenda inchi 55 ya 4K, kwa king'amuzi na waya mlizo nazo sasa, faida ni ndogo, na kwa baadhi ya vipindi picha itaonekana mbaya zaidi.

Muuzaji hakukudanganya moja kwa moja, ila amefunga furushi moja la mambo matatu ambayo kila moja lina kipimo chake: umbo la kioo, ukubwa wake, na wingi wa nukta zinazojenga picha.

Tuanze na umbo. Kioo cha chogo kina uwiano wa 4 kwa 3, yaani kila sentimita nne za upana zina sentimita tatu za kimo, na umbo hilo lilirithiwa kutoka kwenye filamu za zamani. Miaka ya 1950 sinema zilianza kutanua picha zake, kwa sehemu ili kuwavuta tena watazamaji waliokuwa wameanza kubaki nyumbani na runinga, na kila kampuni ikatanua kwa kipimo chake. Miaka ya 1980, wahandisi walipohitaji umbo moja la runinga za baadaye, Mmarekani Kerns Powers alipendekeza 16 kwa 9, kwa kuwa picha nyembamba za zamani na picha pana sana za sinema zingeweza kukaa ndani yake bila upande wowote kupoteza eneo kubwa mno. Ni umbo la maelewano, na ndiyo maana hata kwenye runinga mpya filamu nyingi bado huja na mistari myeusi juu na chini. Hiyo si hitilafu ya kukurudisha dukani. Ni vizuri pia ujue kwamba upana wenyewe siku hizi haulipiwi zaidi, maana runinga mpya zilizopangwa madukani, hata za inchi 32, ni za 16 kwa 9. Anayekutajia upana kama sifa ya pekee ya ile ya inchi 55 anakuuzia kitu ambacho zote zinacho.

Kinachowagharimu ninyi ni kubaki na umbo la zamani wakati vipindi vimekwisha kuhama. Taarifa ya habari, mpira na tamthilia vinapigwa picha kwa 16 kwa 9, na picha hiyo inapofika kwenye chogo, king'amuzi hufanya moja kati ya mambo mawili. Huenda kikaipunguza yote mpaka iingie, mkabaki na ukanda wa katikati na weusi juu na chini. Katika runinga ya inchi 21, ambayo kioo chake kinachoonekana ni kama sentimita 41 kwa 30, ukanda huo una kimo cha sentimita 23 tu. Au kikaijaza skrini nzima kwa kukata moja ya nane ya picha kila upande. Kama mnatazama mpira na yale maandishi ya kona ya juu yanaonyesha nusu ya jina la timu, au dakika hazionekani kabisa, basi king'amuzi chenu kinakata, na hamkosi matokeo peke yake: mnamkosa pia winga aliyesimama karibu na mstari.

Sasa ukubwa. Inchi za runinga hupimwa kutoka kona hadi kona, na hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu inchi za 4 kwa 3 na inchi za 16 kwa 9 hazina kimo sawa. Kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95 na kimo cha sentimita 53 na nusu. Cha inchi 55 kina upana wa 122 na kimo cha 68 na nusu. Linganisha na ule ukanda wenu wa sentimita 41 kwa 23, na utaona kwamba mpira uleule kwenye inchi 43 utachukua eneo zaidi ya mara tano ya mnalotazama leo. Kutoka 43 kwenda 55, eneo linaongezeka kwa mara moja na sita ya kumi. Hatua ya kwanza inakugharimu 650,000 na kukupa ongezeko la mara tano; hatua ya pili inakuomba 500,000 zaidi kwa ongezeko hilo dogo. Hata kabla ya kugusa suala la nukta, mizani imekwisha kulalia upande mmoja.

Nukta ndizo zenye maelezo marefu, nawe nivumilie. Picha ya ubora wa kawaida, ambayo chaneli nyingi za antena bado zinarusha, hujengwa kwa nukta 720 kwenda upande na 576 kwenda chini, jumla yake kama 415,000. Kioo cha HD kamili kina nukta 1920 kwa 1080, yaani milioni mbili na ushee, na kioo cha 4K kina 3840 kwa 2160, yaani milioni nane na laki tatu. Kauli ya "mara nne" ina ukweli wake hapo, kwamba nukta za kioo ni mara nne ya zile za HD kamili. Lakini kioo hakitengenezi habari ambayo haikutumwa. King'amuzi kinapoleta nukta 415,000, runinga ya 4K inalazimika, kwa kila nukta moja iliyopokea, kubuni nyingine kumi na tisa kwa kukisia kutoka kwa majirani zake. Runinga nzuri hukisia kwa ustadi, za bei ya chini hukisia ovyo, na kinachotoka ni picha laini mno, kama imepitishwa kwenye ukungu, huku kingo za maandishi zikitetemeka.

Upande wa pili kuna jicho lenyewe. Jicho lenye afya huweza kutenganisha vitu viwili ikiwa pembe kati yao haipungui sehemu moja ya sitini ya digrii, na kwa umbali wa mita tatu pembe hiyo ni karibu milimita 0.9. Chochote kilicho kidogo kuliko hapo, jicho hukichanganya na jirani yake. Kwenye runinga ya inchi 55, nukta za HD kamili zingekuwa na upana wa milimita 0.63, tayari chini ya uwezo wa jicho lako ukiwa kwenye kochi, na za 4K zina milimita 0.32. Kwa hiyo, kutoka mahali unapoketi, huwezi kutofautisha 4K na HD kamili kwenye kioo hicho. Ungelazimika kuvuta kiti hadi kama mita mbili, au kununua runinga ya inchi 75. Kinyume chake, mistari ya picha ya ubora wa kawaida ikitandazwa kwenye inchi 43 hufikia milimita 0.93 kila mmoja, hapohapo mpakani mwa jicho, nayo picha hubaki safi. Ikitandazwa kwenye inchi 55 hufikia milimita 1.2, na kasoro zake zote zinajitokeza. Ndiyo maana nimesema kwamba kwa mawimbi mnayopokea sasa, mita tatu na inchi 43 vinakubaliana vizuri sana.

Jirani yenu naye anastahili msaada, kwa sababu runinga yake haina kosa. Bila shaka king'amuzi chake bado kimewekwa kwenye 4:3, hivyo kinakata au kubana picha kwa ajili ya chogo ambalo halipo tena, kisha runinga mpya inaivuta picha hiyo ijae kioo, kama shuka la nne kwa sita linalovutwa kwenye kitanda cha sita kwa sita. Kila uso unapanuka kwa theluthi moja. Aingie kwenye mipangilio ya king'amuzi, si ya runinga kwanza, achague 16:9. Kisha kwenye rimoti ya runinga abonyeze kitufe cha ukubwa wa picha aweke 16:9 au otomatiki, na aachane na chaguo lolote la kukuza. Kipindi cha zamani kilichorekodiwa kwa 4 kwa 3 kitakuja na weusi pembeni, na auache ukae hapo. Nimeona watu wenye runinga za bei mbaya wakitazama nyuso nene mwaka mzima kwa kuchukia mistari myeusi, jambo ambalo sijalielewa hadi leo.

Waya za rangi tatu nazo zina mchango wake. Nyekundu na nyeupe hubeba sauti. Ya njano peke yake hubeba picha nzima, mwangaza na rangi vikiwa vimechanganywa pamoja, na haiwezi kupitisha zaidi ya ubora wa kawaida hata kama king'amuzi ni cha HD. Kwenye chogo madhara yake hayaonekani sana. Kwenye kioo bapa kikubwa, jezi nyekundu ya Simba huanza kumwaga rangi kwenye nyasi zinazoizunguka. Runinga yoyote mtakayonunua, iunganisheni kwa waya wa HDMI, yaani waya mmoja unaobeba picha ya HD na sauti pamoja, na kama king'amuzi chenu ni cha enzi zile Dodoma ilipozimiwa mitambo ya analojia mwanzoni mwa 2013 na hakina tundu la HDMI, basi kukibadilisha ni sehemu ya gharama ya runinga. Runinga nyingi mpya zina king'amuzi cha ndani cha mfumo wa DVB-T2 unaotumika nchini, kitakachonasa kwa antena ileile chaneli ambazo hazijafungwa. Jaribuni hicho kabla ya kununua kingine. Ligi Kuu mtaipata kwa HD kupitia chaneli za michezo za Azam, na kwa familia inayopenda mpira, king'amuzi cha HD chenye waya wa HDMI kitabadilisha picha kuliko inchi kumi na mbili za ziada.

Siwezi kudai kwamba inchi 55 haina nafasi yake. Kama mngekuwa na king'amuzi cha HD tayari, na mpira wa HD ndio mnaotazama zaidi, basi kwa mita tatu kioo cha inchi 55 kingependeza kuliko cha 43, kwa kuwa picha ya HD ina nukta za kutosha kujaza ukubwa huo. Kama mama mkwe macho yake yamechoka na hawezi kusoma jina la mbunge linalopita chini ya skrini, ukubwa ni msaada wa kweli kwake. Na ikiwa mna mpango wa kuhamia nyumba yenye sebule kubwa zaidi, hesabu inabadilika. Hata hivyo, 4K katika hali hizo zote ni nyongeza tu inayokuja na ukubwa. Ili ikufae inahitaji chanzo chake: kutazama YouTube kwa 4K kunahitaji intaneti ya kama megabiti 20 kwa sekunde, na saa moja ya video ya namna hiyo inaweza kula gigabaiti saba za bando.

Kabla ya kuamua, kata maboksi mawili, moja la sentimita 95 kwa 54 na jingine la 122 kwa 69, uyabandike kwa zamu juu ya kabati, kisha keti kwenye kochi usiku taa zikiwa zimewaka. Familia itajua ndani ya dakika chache. Pima na kabati lenyewe, maana runinga bapa nyingi husimama kwa miguu miwili iliyo karibu na ncha zake, na kabati lililotengenezwa kwa ajili ya chogo mara nyingi halina upana wa kuipokea. Ukifika dukani, usihukumu kwa ile video ya maua na samaki inayozunguka kwenye flashi. Imetengenezwa kwa 4K, na runinga imewekwa kwenye mwangaza wa dukani ambao hutautumia sebuleni. Mwombe muuzaji aunganishe king'amuzi na kufungua chaneli ya habari, urudi nyuma hatua za kutosha kufikia mita tatu, usome maandishi ya chini. Angalia pia boksi: unachotafuta kwenye hiyo ya 43 ni 1920 kwa 1080, kwani zipo zilizoandikwa HD tu ambazo kioo chake ni 1366 kwa 768.

Kuhusu zile za vioo viwili, ambazo wauzaji huziita "dabo glasi", zinawafaa wenye watoto wanaorusha vitu, ila huakisi mwanga kuliko kioo cha kawaida, na jua la Dodoma likiingia dirishani mchana mtajiona wenyewe badala ya mtangazaji. Ikiwa mtachukua hiyo, isikabiliane na dirisha. Vumbi la kiangazi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu runinga ikiwa imezimwa, bila spiriti wala dawa ya madirisha.

Shemeji yangu ana hoja katika jambo moja: runinga inayowaka si lazima ibadilishwe, na hasara ya kusubiri ni ndogo. Hoja ya umeme nayo ipo, lakini inahusu zaidi hiyo kubwa. Nyuma ya runinga huandikwa wati zake. Tuseme ya 43 inatumia wati 70 na ya 55 inatumia 110, kwa saa sita kwa siku ya kwanza itakula kama uniti 13 za LUKU kwa mwezi na ya pili uniti 20. Kama ninyi ni wateja wa kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hizo saba zinaweza kuwavusha mpaka. Mkishaamua kuachana na chogo, liuzeni au mligawe likiwa zima. Msimruhusu kijana wa vyuma chakavu kulivunja uani, kwa kuwa kioo chake kina madini ya risasi, na ndani yake umeme wa zaidi ya volti 20,000 unaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa.

Kuhusu macho ya watoto, mweleze mama kwa heshima kwamba kioo kikubwa hakiharibu jicho. Kinaweza kulichosha, hasa gizani na mwangaza ukiwa juu, na uchovu huo huisha kwa kupumzika. La kuangalia ni mtoto anayesogelea runinga kila mara au anayekunja macho ili asome. Mara nyingi huyo hakuvutwa karibu na runinga kwa utundu, bali haoni mbali, na anapaswa kupelekwa kliniki ya macho akapimwe, iwe mnanunua runinga au hamnunui.

Yapo mengine ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Ikiwa picha yenu sasa huganda au kuvunjika vipande vipande, runinga mpya haitaponya hilo, kwa sababu mawimbi ya kidijitali hayafifii taratibu kama yale ya zamani: yakipungua chini ya kiwango, picha hukatika. Mwiteni fundi wa antena apande juu ya paa na kuielekeza huku mtu mwingine akisoma kipimo cha ubora wa mawimbi kwenye king'amuzi. Taa za nyumba zikiwa zinafifia na kung'aa zenyewe, toeni taarifa TANESCO na mmwite fundi umeme akague nyaya kabla ya kuchomeka kifaa kipya, na hata baada ya hapo nunueni kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Kuning'iniza ukutani kunahitaji mtu anayejua kama ukuta wenu ni wa tofali za saruji au za kuchoma, kwa kuwa fisha zinazoshika kwenye moja huchomoka kwenye nyingine. Na siku ya kununua, iwashwe mbele yako kwa dakika kumi na tano hivi, ukague kioo kikiwa cheupe na kikiwa cheusi, kisha uondoke na risiti pamoja na waranti iliyoandikwa namba ileile iliyo nyuma ya runinga.